Mtoto mwenye mahitaji maalumu ni amana, si siri ya nyumba

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyemtukuza mwanadamu na kumfundisha yale asiyoyajua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, sahaba zake, na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa hii tumeona ni vyema tuzungumzie jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi husemwa kwa sauti ya chini, na katika nyumba nyingine halisemwi kabisa. Jambo lenyewe ni elimu ya mtoto asiyesikia, au asiyeona vizuri, au aliyechelewa kusema. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, mwenye usonji, au mwenye ulemavu wa akili. Na hata yule ambaye viungo vyake vyote ni vizima, lakini amekaa darasani miaka mitatu na herufi bado zinampotea. Hawa ndio wanaoitwa watoto wenye mahitaji maalumu ya kielimu.

Wala tusidhani kuwa ni wachache. Sensa ya mwaka 2022 nchini Tanzania ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Ni vigumu basi kuupata msikiti ambao katika safu zake hakuna baba, babu au mjomba wa mtoto wa namna hii. Lakini kila ufikapo mwezi wa Januari, watoto wa mtaa wanaposhonewa sare na kununuliwa madaftari, wapo wanaobaki uani wakiwachungulia wenzao wakipita. Hawakukosea lolote. Kosa lao ni kwamba hakuna aliyekwenda kuwaombea nafasi.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa kuhusu alichokichunga. Akatuamrisha pia tumche Mwenyezi Mungu na tufanye uadilifu baina ya watoto wetu. Wengi wetu tumezoea kuitumia hadithi hiyo ya uadilifu tunapogawa zawadi au mali. Tujiulize: mzazi anayempeleka mtoto mmoja shule na kumwacha mwingine chumbani kwa sababu tu huyu wa pili hutoa udenda au huzungumza kwa taabu, amefanya uadilifu gani?

Subira isiyofahamika vyema

Ukimuuliza mzazi kwa nini mtoto wake hasomi, mara nyingi utapata jawabu lililovikwa kanzu ya dini. Ni wajibu wetu sisi tuliopewa dhamana ya kufundisha kuyatazama majawabu hayo moja baada ya jingine.

La kwanza ni kauli kwamba huu ni mtihani wa Mwenyezi Mungu, nasi tumesubiri. Hapana shaka kwamba ni mtihani, na hapana shaka kwamba subira ni ibada tukufu. Lakini mtihani wa nani? Mtihani ni wa mzazi, na swali lake ni hili: utamfanyia nini mja wangu huyu niliyemweka mikononi mwako? Anayeacha karatasi tupu chumba cha mtihani hasemwi kuwa amesubiri. Husemwa kuwa hakujibu. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtu aliyeuliza habari ya ngamia wake amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Subira ya mzazi wa mtoto huyu ni ile ya kurudi tena katika ofisi iliyomwambia aje kesho, na ya kumfundisha mtoto jambo moja mara mia moja bila ya kumpigia kelele.

La pili ni la wale waliosikia kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, akiwemo asiye na akili timamu, wakahitimisha kwamba mtoto mwenye ulemavu wa akili hana haja ya kufundishwa. Hadithi hiyo ni sahihi, imepokewa na Abu Daud na wengineo, lakini ufahamu huo si sahihi. Kalamu imeinuliwa kwake yeye asiandikiwe dhambi. Haikuinuliwa kwako wewe mzazi wake. Yeye hataulizwa kwa nini hakusoma. Wewe utaulizwa kwa nini hukumsomesha kadiri ya uwezo wake. Na uwezo huo, ndugu zangu, mara nyingi ni mkubwa kuliko tunavyoukadiria: kujua kujisitiri, kuvaa, kuhesabu pesa za sokoni, kulitambua jina lake likiandikwa, kuisoma Fatiha, kushika kazi ya mikono. Kila moja katika haya ni heshima yake maishani.

La tatu ni lile la majini na uchawi. Hatukanushi kisomo, kwani kumsomea mgonjwa Qur'ani ni katika sunna. Tunachokikataa ni familia kumaliza miaka mitano na akiba yote kwa waganga, ilhali mtoto hajawahi hata siku moja kupimwa masikio. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na tiba yake. Msomee mtoto wako, kisha mpeleke hospitali, kisha mpeleke shule. Haya matatu hayagombani.

Na liko la nne, ambalo halisemwi ila hutendwa: kumlaumu mama. Wapo wanaume waliowaacha wake zao kwa sababu amezaliwa mtoto mwenye ulemavu, kana kwamba mama ndiye aliyeumba. Ajue mwenye kufanya hivyo kwamba talaka haivunji ubaba. Nafaka ya mtoto iko juu ya baba yake, na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamebainisha kwamba mtoto fukara asiyeweza kuchuma kwa sababu ya ulemavu haipotezi haki hiyo kwa kubaleghe tu.

Ombi la Nabii Musa

Sasa tuitazame Qur'ani yenyewe. Mwenyezi Mungu (S.W.) alipomtuma Nabii Musa (A.S.) kwa Firauni, alimpa kazi inayohitaji ulimi mwepesi kuliko kazi nyingine yoyote: kusimama mbele ya mfalme jeuri na kumhoji. Naye Nabii Musa alikuwa na uzito wa ulimi. Alifanya nini? Tunasoma katika Surat Twaha, kuanzia aya ya 25 hadi ya 36, kwamba aliomba. Aliomba kifua chake kikunjuliwe, kazi yake ifanywe nyepesi, na fundo la ulimi wake lifunguliwe ili watu wafahamu maneno yake. Hakuishia hapo, aliomba apewe msaidizi katika jamaa zake, akamtaja kwa jina kuwa ni Harun ndugu yake. Katika Surat Al-Qasas, aya ya 34, akaeleza na sababu: kwamba Harun ni fasaha zaidi kuliko yeye.

Tuzingatie, ndugu zangu, yale yaliyofuata. Mwenyezi Mungu hakumwambia Nabii Musa abaki nyumbani kwa sababu ya ulimi wake, wala hakumtuma aende peke yake akahangaike. Alimjibu kwamba amepewa alichokiomba. Kazi ikabaki ile ile, na msaada ukaongezwa.

Katika tukio hili limo somo zima la elimu ya watoto wetu hawa. Kuna wanaosema: mtoto huyu ana matatizo, basi asisome. Na kuna wanaosema: kama ataka kusoma, asome kama wenziwe, hakuna upendeleo. Njia zote mbili si njia aliyofanyiwa Nabii Musa. Njia aliyofanyiwa ni ya kumwachia mja daraja yake na kumpa kinachomwezesha kuifikia.

Tena ombi lenyewe ni funzo kwa mzazi. Nabii Musa alitaja uzito wake bila ya kuuficha. Alitaja msaada anaoutaka kwa ubainifu. Alimtaja atakayemsaidia. Na alitaja lengo, nalo ni wamtakase na kumdhukuru Mola wao kwa wingi. Mzazi anayekwenda shule na kusema tu kwamba mwanangu ana matatizo, naomba mumsaidie, bado hajaomba. Tutalirudia jambo hili hapa chini.

Mafunzo ya Mtume juu ya kumwezesha mtu

Sheria yetu tukufu yote imejengwa juu ya msingi kwamba Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake, kama ilivyo mwishoni mwa Surat Al-Baqara. Sahaba Imran bin Husein (R.A.), alipopatwa na maradhi, alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya swala. Akaelekezwa aswali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Swala haikuondolewa. Kilichobadilika ni namna ya kuitekeleza. Basi ikiwa nguzo ya dini inamfuata mtu alipo, vipi somo la hesabu lisimfuate mtoto alipo?

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), sahaba aliyekuwa kipofu. Sote tunajua kwamba Surat Abasa iliteremka kwa ajili yake, alipokuja kutafuta elimu wakati Mtume (S.A.W.) ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi. Yatosha kwa mwalimu yeyote kujua kwamba mwanafunzi huyu asiyeona, aliyekuja akikimbilia kujifunza, Mola wake alimtetea kwa aya zinazosomwa mpaka Kiyama. Lakini iko sehemu ya habari yake ambayo hatuitaji sana. Mtume (S.A.W.) alimfanya kuwa mwadhini pamoja na Bilal (R.A.), na katika mwezi wa Ramadhani aliwaamrisha watu waendelee kula na kunywa mpaka wasikie adhana ya Ibn Ummi Maktum. Imepokewa na Bukhari kwamba yeye hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha.

Fikirini juu ya hilo. Saumu ya watu wa Madina iliwekwa kwenye sauti ya mtu asiyeiona alfajiri. Hakuambiwa kazi hii ni ya wenye macho. Alikuwepo wa kumwambia wakati umefika, basi akaadhini kama anavyoadhini mwingine. Mtu mmoja wa kumwarifu ndiye aliyekuwa tofauti baina ya kipofu anayekaa pembeni na mwadhini wa Mtume. Watoto wetu wengi wanakosa kitu kidogo kama hicho: kiti cha mbele, maandishi makubwa, mwalimu anayewageukia anapozungumza.

Na kwa wenye watoto wenye ulemavu wa akili, ipo habari katika Sahihi Muslim ya mwanamke ambaye akili yake ilikuwa na kasoro, aliyemwambia Mtume (S.A.W.) kwamba ana haja kwake. Mtume hakumpuuza wala hakumwita msimamizi wake. Alimwambia achague njia yoyote aitakayo, akaenda naye mpaka akaimaliza haja yake. Huo ndio muda aliopewa mtu ambaye leo baadhi yetu humfungia mlango wageni wakija.

Haki iliyoandikwa

Baada ya kujua kwamba dini haituruhusu kukaa, tujue kwamba na sheria ya nchi iko upande wetu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao ibara yake ya 24 inahusu elimu. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Mtoto, na mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayompa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kuandikishwa katika shule za serikali na za binafsi, na kupewa huduma za kumsaidia kujifunza. Kuanzia mwaka 2016 elimu katika shule za serikali ilifanywa kuwa bila ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafikishwa kidato cha sita. Huko Zanzibar, Wizara ya Elimu ina kitengo cha elimu mjumuisho kinachoshughulikia watoto hawa hawa.

Haki iliyoandikwa, hata hivyo, haitembei yenyewe. Walimu wenye mafunzo ya elimu maalumu hawatoshi, madarasa yamejaa, na vifaa ni vichache. Kwa hiyo tunawanasihi wazazi wafuate utaratibu ufuatao.

Kwanza, mchunguze mtoto wako mapema, wala usingoje afike umri wa darasa la kwanza. Je, hugeuka ukimwita kwa nyuma? Huyasogeza maandishi karibu sana na macho? Amechelewa kusema? Andika unayoyaona na tarehe zake.

Pili, mpeleke hospitali apimwe masikio, macho na ukuaji wake, na uombe taarifa ya maandishi. Tumemshuhudia mama aliyetuletea mwanawe wa miaka tisa ili asomewe, kwa kuwa mtoto alikuwa haitiki akiitwa na alikuwa akichapwa shule na chuoni kwa ukaidi. Tulimsomea, kisha tukamsihi ampeleke kwa daktari. Ikabainika kwamba masikio yake yalikuwa yakitoa usaha kwa miaka, na sehemu ya usikivu wake ilikuwa imepotea. Hakuwa mkaidi hata siku moja. Alikuwa hasikii anachoamrishwa, na viboko vyote vile alivipokea bila ya kujua sababu yake.

Tatu, nenda shule kabla ya Januari, wakati wa uandikishaji, ukiwa na taarifa hiyo mkononi. Muone mwalimu mkuu kwa adabu, na hapo ndipo ombi la Nabii Musa lifuatwe. Taja uzito wa mtoto kama ulivyo. Kisha taja unachokiomba kwa ubainifu. Mwenye uoni hafifu akae mbele na aandikiwe kwa maandishi makubwa. Asiyesikia vizuri akae mahali anapouona mdomo wa mwalimu. Mwenye ualbino, ambaye kwa kawaida huwa na uoni hafifu pia, akae mbali na dirisha linaloingiza jua kali, na aruhusiwe kuvaa kofia na mikono mirefu. Mwenye ugumu wa kusoma apewe muda zaidi na aulizwe kwa mdomo. Mwenye usonji aandaliwe mapema ratiba inapobadilika. Mengi katika haya hayagharimu shilingi.

Nne, jua kwamba shule ni za namna mbalimbali. Wako watoto wanaoweza kusoma katika darasa la kawaida kwa msaada kidogo. Wako wanaofaa katika vitengo vya elimu maalumu vilivyomo ndani ya shule za kawaida, kama ilivyo Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam. Na wako wanaohitaji shule maalumu, kama Shule ya Viziwi Buguruni, ambako lugha ya alama ndiyo lugha ya kila siku. Usichague kwa kuona haya. Chagua kwa kutazama mahali ambapo mtoto wako atafahamu na atafahamika.

Tano, ukikataliwa, usirudi nyumbani kulia. Omba sababu kwa maandishi. Kisha nenda kwa afisa elimu wa kata, na baada ya hapo kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Andika barua, nawe ubaki na nakala yake. Mshirikishe afisa ustawi wa jamii na mwenyekiti wa mtaa. Wala usiende peke yako ikiwa wapo wazazi wengine wenye shida kama yako, kwani wazazi watano wenye barua moja husikilizwa kuliko mmoja mwenye machozi.

Sita, fuatilia habari ya mitihani mapema. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa mitihani ya nukta nundu kwa wasioona na ya maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, na mwongozo wake unatoa muda wa nyongeza wa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini baraza haliwezi kumwandalia mtoto ambaye shule haikueleza hali yake. Muulize mwalimu mkuu wakati wa usajili, usingoje wiki ya mtihani.

Na katika yote hayo, mwalimu asifanywe adui. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini mbele yake anastahiki kushukuriwa kwa kila dakika anayompa mtoto wako. Mtembelee, muulize unachoweza kukirudia nyumbani, na umweleze mbinu ulizoziona zinafaa, kwani wewe ndiye unayemjua mtoto huyo kuliko yeyote.

Tuanzie madrasa zetu

Hatuwezi kuinyooshea shule kidole ilhali chuo chetu ni kibaya zaidi. Ni madrasa ngapi ambazo mtoto asiyekamata haraka hukalishwa nyuma na juzuu ile ile mwaka mzima? Ni ngapi ambazo mwenye kigugumizi huigizwa na wenzake mbele ya ustadhi, naye ustadhi akacheka?

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kuisoma Qur'ani kwa umahiri atakuwa pamoja na Malaika watukufu, na kwamba mwenye kuisoma kwa kutatizika, nayo ikawa ngumu kwake, ana ujira mara mbili. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Basi yule anayekwama katika kila neno ndiye ambaye Mtume wetu amemwahidi ujira mara mbili, nasi tunampa fimbo mara mbili! Tunawaomba maustadhi wauchukulie ujira huo wa mwanafunzi kuwa ni jukumu lao: wamsikilize peke yake, wampe aya chache, wamfundishe kwa kusikia ikiwa macho hayasaidii, na wamfundishe kwa ishara na kwa kuonyesha ikiwa masikio hayasaidii. Udhu na swala hujifunzwa kwa kutazama, na mtoto kiziwi ana macho.

Na misikiti yetu ina jambo la kujiuliza pia. Shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Wenzetu wanastahiki shukrani, kwani na watoto wa Kiislamu wamesoma huko. Lakini dini yetu ndiyo iliyotufundisha wakfu, nasi tuna wakfu za misikiti, za visima na za nyumba. Vipi tusiwe na wakfu wa mashine za kuandikia nukta nundu, wa vifaa vya kusikia, wa viti vya magurudumu, wa nauli ya kumpeleka mtoto shule iliyo mbali? Zaka nayo, kama ilivyobainishwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, ina mafungu yake. Ulemavu peke yake haumfanyi mtu astahiki zaka. Ufukara ndio unaomfanya astahiki. Lakini familia ngapi zenye watoto hawa ni fukara kwa sababu mama hawezi kutoka kwenda kutafuta riziki? Kamati za misikiti zikae, ziorodheshe watoto wa mtaa wao wasiosoma kwa sababu ya ulemavu, na zianze na mmoja. Akishaingia darasani, wamtafute wa pili.

Mwisho

Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu ametaja katika Surat Al-Isra, aya ya 70, kwamba amewatukuza wanadamu. Hakuwabagua katika utukufu huo wasioona wala wasiosema. Na Mtume wake (S.A.W.) ametufahamisha kwamba tunanusuriwa na kuruzukiwa kwa sababu ya wanyonge wetu. Huenda basi mtoto yule tunayemficha wageni wasimwone ndiye ambaye kwa sababu yake chakula kinaingia katika nyumba ile.

Mwenye mtoto wa namna hii na asiyesoma, na aanze wiki ijayo. Jumatatu ampeleke kupimwa, au ampeleke kuonana na mwalimu mkuu. Asiye na mtoto kama huyo, amtafute jirani aliye naye na amwambie kwamba atafuatana naye. Nabii Musa hakwenda peke yake kwa Firauni. Mama wa mtaani kwetu asiachwe aende peke yake ofisini.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awakunjulie vifua wazazi hawa, awafanyie nyepesi kazi yao, awape wasaidizi wema, na awajaalie watoto wao kuwa ni furaha ya macho yao duniani na akiba yao Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.